Mfereji wa Uzi Mwembamba

"Elfu arobaini kwa kukwangua kipande cha mfupa?"

"Kukwangua hata panya anakwangua, tena bure. Mimi napima."

"Gitaa la nyuzi sita unalifanya kwa ishirini."

"Na hili lina nyuzi ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi hesabu umeshaifanya mwenyewe."

Bwana Tai alilegeza fundo la tai yake. Alikuwa mpiga gitaa wa kumbi za arusi, na jina hilo alipewa kwa kuwa hata saa saba mchana, jua la utosi, hakuna aliyewahi kuiona shingo yake wazi.

"Fundi, sisi ni watu wa mtaa mmoja."

"Ujirani nakupa bure. Kazi ni elfu arobaini. Hutaki, beba. Mlango huo haujafungwa."

Fundi hakuwa mtu wa kupunguza bei, wala hakuwa mtu wa kupandisha. Kazi hii hakufundishwa na yeyote. Alijifunza kwa kuharibu magitaa yake mwenyewe mpaka yakachoka kuharibika. Bei ya asubuhi ndiyo ilikuwa bei ya jioni, na akikosea kwenye kitu cha mtu alisema kabla hajaulizwa. Kwa hilo watu walimheshimu. Kwa hasira zake walimkwepa.

Alibonyeza uzi mmoja kwa dole gumba, akaguna. "Na nani alizipandisha hivi? Hapa panya anapita chini mkia juu. Ukipiga wimbo mmoja vidole vinatoka damu."

"Nililinunua hivyo hivyo," Bwana Tai alisema, akaitazama tai yake kana kwamba imeandikwa kitu.

Siku nyingine Fundi angeliuliza zaidi. Siku hiyo alikuwa bado kwenye elfu arobaini. Bwana Tai aliweka elfu ishirini mezani, moja moja, kama anayeng'oa meno yake, akasema nyingine ataleta Jumamosi ya wiki ijayo kabla ya arusi, akaenda zake akinung'unika mpaka mwisho wa mtaa.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Meza moja chini ya dirisha, magitaa ukutani, na pazia la kijani lililotenganisha chumba hicho na cha nyuma, ambako mke wake alishona sare za shule. Kwa miezi kumi na minne mke huyo hakuwa amelivuka lile pazia. Chakula alikipitisha mkono tu. Chini ya meza ya Fundi ndipo binti yao alipokuwa akikaa kuokota vipande vya nyuzi zilizokatwa, akivisokota kuwa pete. Walimwita Kidoti kwa alama nyeusi iliyokuwa chini ya jicho lake. Homa ilimchukua kwa siku tatu, akiwa na miaka minane.

Fundi alianza kazi mikono ikiwa bado na moto wa ugomvi. Alishusha kwanza tandiko la chini, kile kipande kinachobeba nyuzi tumboni mwa gitaa, kwa kutoa vipande vya mti vilivyoliinua, nyuzi zikakaribia shingo. Kisha akahamia juu, kwenye kile kipande cha mfupa alichokiita kizingiti, kwa sababu nyuzi zote lazima zikivuke kabla ya kuingia shingoni. Kizingiti kina mifereji, kila uzi na wake. Kwenye gitaa hili mifereji ilikuwa kumi na miwili, jozi sita, na katika kila jozi ya chini uzi mnene ulilala ubavuni mwa uzi mwembamba, kama mzazi na mtoto kitandani. Kila mfereji ulitaka tupa yake. Ukiupa uzi mwembamba mfereji mpana, hautulii. Utapapatika humo na kuvuma kama nyigu kwenye kopo.

Fundi alilijua hilo kuliko alivyolijua jina lake. Lakini kichwani alikuwa bado anamjibu Bwana Tai, majibu mazuri kuliko yale aliyoyatoa, na mkono ukachukua tupa ya uzi mnene wa jozi ya tatu ukaiingiza kwenye mfereji wa jirani yake mwembamba. Mikwaruzo mitatu. Unga mweupe ukamwagika, na harufu ya mfupa uliopashwa moto ikapanda, ile ya kama nywele zinaungua. Aliizoea. Isipokuwa siku hiyo haikuondoka.

"Pumbavu," alijiambia.

Alirudisha uzi, akaukaza, akaugusa mwenziwe mnene ili asikie ukubwa wa hasara. Uzi mnene ulilia vizuri. Ule mwembamba, ambao hakuugusa, ukaitikia. Haukuvuma kama nyigu. Uliimba, sauti ya mtoto anayeimba amefumba mdomo, pumzi ikimtoka kwenye pengo la jino.

Nyuma ya pazia cherehani ilinyamaza.

Pazia likafunguka. Mke wake alisimama pale na futi yake shingoni, mguu mmoja huku, mmoja kule.

"Nani anaimba?" aliuliza polepole.

"Hakuna anayeimba. Nimekosea mfereji. Nitaujaza kesho kwa unga wa mfupa na gundi, nichonge upya."

"Piga tena."

"Mama Kidoti, ni uzi unagonga tu."

"Nimekwambia piga tena."

Alipiga. Ukaimba. Mke wake alivuka pazia, akapita hadi mezani, akapiga magoti mahali ambapo binti yake alikuwa akikaa, akaegemeza sikio kwenye tumbo la gitaa.

"Baba Kidoti," alisema bila kuinua kichwa. "Ukiujaza huu mfereji, mimi na wewe basi."

Fundi akauacha. Lilikuwa kosa la kwanza maishani mwake kulifanya asimwambie mwenye mali. Alijipa sababu kwamba Jumamosi ilikuwa mbali.

Kuanzia hapo, kila siku saa nane, mtaa ukiwa umesinzia kwa joto, mke wake alivuka pazia, akaketi na gitaa mapajani, akagusa ile jozi ya tatu peke yake. Kwanza ziliimba tu. Siku ya pili zikasema, "Mama." Siku ya tatu Fundi alikuwa akikunja waya kwenye kona ya karakana, akasikia "Baba" iliyomwingia chini ya mbavu, akatoka nje akasimama kando ya mfereji wa maji machafu, akajifanya anapenga kamasi.

Hatasema mtu kwamba hakujua. Alijua. Mtu aliyezikwa hazungumzi kupitia uzi wa chuma. Lakini mke wake alianza kula. Alioga mapema, akajipaka mafuta, na jioni moja akamtania kwamba nywele zake masikioni zimefika kimo cha kukatwa na cherehani. Miezi kumi na minne hakuwa amesikia utani nyumbani mwake. Harufu ya mfupa ilikuwa imehama karakana ikaingia chumba cha kulala, imekaa kwenye mashuka, na yeye alilala ndani yake bila neno, kama mtu anayekula chakula kilichochacha kwa sababu mpishi amepona.

Siku ya tano, wakila, alitaka kuwa mwema. Alisema, "Leo nimekumbuka lile jino lake la mbele, alivyolificha kwenye kasha la sindano zako ukajichoma ukidhani ni pini."

Mke wake alitabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mgeni anayesimulia habari za ndugu zake.

"Jino gani?"

"La Kidoti."

"Mimi nilijichoma?" Alitazama kidole chake. Kovu dogo lilikuwepo. "Labda."

Fundi alirudisha tonge sahanini. Kesho yake saa nane hakwenda popote. Alijibanza nyuma ya pazia, upande wa cherehani, akasikiliza.

"Mama," uzi ulisema. "Nisimulie tena nyingine."

"Ipi, mwanangu?"

"Yoyote. Nina njaa ya kusikia."

Mke wake akasimulia ile ya mvua. Siku paa lilipovuja, Kidoti akapanga sufuria saba sebuleni, akasema kila sufuria ina sauti yake, akawaamuru wazazi wake wote wawili wakae chini kama watu waliokata tiketi. Aliisimulia vizuri, na vitu ambavyo Fundi mwenyewe alikuwa amevisahau, rangi ya kitambaa kichwani, sufuria ipi ilikuwa na kishikio kilichovunjika. Na alivyokuwa akisimulia, sauti yake ilipungua, neno kwa neno, huku ile ya uzi ikinenepa, ikimalizia sentensi zake, mpaka mwisho uzi ndio uliokuwa ukisimulia na mama ndiye aliyekuwa akisikiliza, mdomo wazi kidogo, kama mtoto anayesikia hadithi kwa mara ya kwanza.

Jioni Fundi alimuuliza kuhusu sufuria saba.

"Tuna sufuria tano," mke wake alisema. "Umechoka, wewe. Kalale."

*Wewe.* Ndipo alipotambua kwamba tangu juzi hajaitwa Baba Kidoti.

Alikwenda kwa Bwana Tai usiku huo huo, akamkuta kwenye kizingiti cha chumba chake cha kupanga akipiga pasi tai tatu kwa mpigo.

"Elfu ishirini yako ni Jumamosi," Bwana Tai alisema.

"Achana nazo. Lile gitaa ulinunua kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Sijakuja kutaniwa. Mke wangu anapotea mbele ya macho yangu. Kwa nani?"

Bwana Tai aliweka pasi pembeni. Alizungumza chini chini, akitazama mlangoni. "Mzee mmoja, mpweke. Ndiye alipandisha nyuzi, kwa mkono wake, kwa vipande vya mti chini ya tandiko. Alisema nisizishushe. Alisema zikikaribia shingo kuna kitu kinapata nafasi ya kuitikia. Nikaona mzee amechoka akili. Bei ilikuwa nzuri, Fundi. Mimi ni mtu wa njaa."

"Kuitikia nini?"

"Hakusema. Lakini ukutani kwake kulikuwa na picha ya arusi. Yeye mwenyewe kijana, na bibi arusi ameshika shada. Nikamuuliza, huyu mama yuko wapi? Akaitazama ile picha muda mrefu." Bwana Tai alikunja tai moja. "Akasema ilikuja na nyumba."

Fundi alirudi kwa mguu, na njiani alielewa, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la kazi yake. Katika jozi, uzi usioguswa hauna lake la kusema. Hulia kwa kuwa mwenziwe amelia. Huchukua mtikisiko wake, huuvaa. Lililokuwa likiitikia ni jini, na jini hilo halikuwa na hata neno moja la Kidoti. Kila lilichokuwa nacho kilitoka kinywani mwa mke wake, na tofauti yake na uzi ni kwamba uzi hurudisha.

Asubuhi alifunga mlango wa mbele. Alikwangua kipande cha mfupa mkavu mpaka akapata kijilima cha unga, akachukua chupa ya gundi kali, akalegeza uzi mwembamba wa jozi ya tatu, akausogeza kando. Tone moja na unga kidogo, vingetosha. Vikikauka, mfereji hauna tena nafasi.

"Baba," ilisema sauti, na uzi ulikuwa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, haukupaswa kutoa sauti yoyote, "Baba usinizibe, humu ni padogo, mama amenipa kila kitu, amenipa ile ya jino na ile ya mvua na ile siku nilipoanza kutembea nikaenda kwake nikakupita wewe ukanuna, amenipa nilivyolia usiku wa mwisho nikitaka maji na yeye akanipa kwa kijiko kwa sababu midomo ilikuwa imepasuka, amenipa udongo ulivyosikika, amenipa jina langu lile la kweli mlilokuwa hamliiti, yote ninayo mimi, hayako kwingine, ukiniziba umeyaziba, Baba, halafu utakuwa umenizika mara mbili na mara hii kwa mkono wako mwenyewe."

Tone la gundi lilining'inia kwenye mdomo wa chupa. Harufu ya mfupa ilijaa chumba mpaka macho yakamchoma, na akasema ni harufu ndiyo iliyomliza.

Pazia likafunguka. Mke wake aliingia na kigauni mkononi, cha bluu, kola nyeupe, pindo limeshushwa mara mbili kwa kuwa mwenyewe alikuwa akirefuka.

"Samahani," alisema. "Hiki nimekikuta kabatini kwangu. Mshono ni wangu, lakini daftari la wateja halina vipimo vyake. Unajua ni cha nani?"

Fundi aliweka chupa chini. Alimtazama yule mwanamke, uso wake laini, umepumzika, hauna hata mkunjo mmoja wa ile miezi kumi na minne. Hakuwa na huzuni. Hakuwa na chochote. Angeweza kuishi hivyo miaka arobaini, akishona sare za watoto wa watu, akilala vizuri.

"Mama Kidoti," alisema.

Mke wake aligeuka kuangalia nyuma yake, aone ni nani anayeitwa.

"Kitunze," Fundi alisema. "Mwenyewe atakuja kukichukua."

"Asichelewe basi. Nguo za watoto hazisubiri." Alikikunja vizuri, mikono kwenye kola, na vidole vyake vikabaki pale kwenye kola kwa muda kuliko ilivyohitajika, kama vyenyewe vinakumbuka kitu ambacho havikuruhusiwa kumwambia. Akarudi kwake. Cherehani ikaanza.

Fundi alifunika chupa ya gundi. Alipuliza unga wa mfupa, ukatawanyika mezani. Aliurudisha uzi kwenye mfereji ule mpana, akaukaza mpaka ukafika sauti yake, akavuta kigoda, akalipakata gitaa. Harufu ilimjia usoni, ya joto, karibu sana, kama pumzi ya mtu aliyesogeza uso ili asikie vizuri.

Aligusa uzi mnene.

"Baba," ulisema mwembamba, kwa furaha. "Umekuja. Mama amekwisha. Nisimulie wewe. Nisimulie ile ya pete za waya."

Ile ya pete za waya alikuwa nayo. Ilikuwa mdomoni, tayari, yote, na utamu wake. Vile vidole vidogo, ile pete aliyomvisha ikakataa kutoka mpaka wakaikata kwa koleo, kicheko kile. Hakuna mtu duniani angetaka kuisikia kuliko huyu aliyekuwa mbele yake. Alifumba mdomo mpaka meno yakaumana. Akangoja mpaka utamu ule umpite, na ulichukua muda, na jasho lilimtiririka mgongoni.

Kisha akachukua tupa nyembamba kabisa, akaiweka juu ya uzi pale unapoingia kizingitini, kama mtu anayeweka kisu juu ya koo.

"Mimi sina cha kukusimulia," alisema, na sauti haikuwa kubwa. "Uzi ulioitikia hubaki na nini? Haubaki na kitu. Hiyo ndiyo sheria ya humu ndani, na wewe umekaa humu ndani. Ukiivunja, nakata uzi, ubaki huna pa kukaa. Wewe ulichukua jino. Ulichukua mvua. Ulichukua kijiko cha maji, na udongo, na jina. Maumivu ya Mama Kidoti pia ulichukua, na hayo nayo ni yake, hakukupa mtu ruhusa."

"Baba, atalia tena," uzi ulinong'ona. "Ukinifanya nirudishe, atalia kila siku. Unataka hivyo?"

Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa ikienda vizuri, haina shida, haina mtu.

"Rudisha vya mke wangu," Fundi alisema. "Vyote. Sasa hivi."